Kuhesabu Damu: Toka Kasongo ya Mwaka 1905 Hata Siku Zetu

Wazee wetu wengi hawapendi watoto wao wahesabiwe. Ukimwuliza mama ana watoto wangapi, atakujibu, «Mungu amenijalia,» naye atanyamaza hapo. Hata katika Maandiko Matakatifu twasoma kwamba mfalme Daudi aliwahesabu watu wake, na hesabu ile ikawaletea msiba. Lakini katika Maandiko hayohayo yumo mchungaji mwenye kondoo mia, aliyeona kwamba mmoja hayupo, akatoka kwenda kumtafuta. Basi ziko hesabu za namna mbili. Moja huhesabu watu ili kuwatawala. Ya pili huhesabu ili asipotee hata mmoja.

Leo twataka kueleza historia ya hesabu moja ya damu. Ni ile wanayofanyiwa ndugu zetu wenye virusi vya ukimwi, ugonjwa ambao sisi wa Kongo twauita sida. Madaktari huiita hesabu ya CD4. Wengi wanaiogopa, na wengine wanaielewa vibaya hata wakaacha dawa na kufa. Ndiyo maana yafaa tujue imetoka wapi, na ni hesabu ya namna gani: ni ya Daudi, au ni ya mchungaji?

Hadubini ya kwanza

Kasongo twaijua sote. Ulikuwa mji wa Tippu Tip na jamaa zake, ukatekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwezi wa Aprili 1893. Lakini ni wachache wajuao kwamba Kasongo ina mahali pake pia katika historia ya kupima damu.

Mwaka 1903 Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Liverpool, Uingereza, kilituma madaktari Kongo kuchunguza malale, ugonjwa uletwao na mbung'o. Wawili kati yao walikuwa Joseph Dutton, Mwingereza, na John Todd, mtu wa Kanada. Huyo Dutton ndiye aliyekipa jina kidudu cha malale mwaka 1902, baada ya kukiona katika damu ya mgonjwa huko Gambia. Walipanda mto mpaka upande wa mashariki, na huku wakakuta homa nyingine, ile ijayo, ikaenda, kisha ikarudi tena. Wenyeji walikwisha kusema kwamba yaletwa na papasi akaaye katika nyufa za nyumba. Madaktari hawakudharau neno hilo. Waliwakamata papasi, wakawaacha wawaume tumbili, kisha wakatazama damu ya tumbili kwa hadubini. Humo wakaona vidudu vyembamba vilivyojisokota kama uzi. Katika miaka hiyohiyo Ross na Milne waliona jambo hilohilo katika Uganda, na Mjerumani Robert Koch akaliona katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama yake. Dutton na Todd wote wawili walishikwa na homa ya papasi. Todd akapona, Dutton akafa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Kidudu chenyewe kikapewa jina lake.

Huo ni upande mmoja wa habari, nao wastahili heshima. Upande wa pili ni huu. Katika miaka iliyofuata serikali ilikwenda kijiji kwa kijiji kutafuta wenye malale. Watu walipangwa mstari, wakapapaswa tezi za shingo, wakachomwa sindano, na damu yao ikatazamwa. Aliyeonekana na kidudu alipelekwa lazareti, mbali na mke wake na watoto wake, na katika miaka ya kwanza wachache sana walirudi. Hata kusafiri kulitaka cheti cha daktari. Hatukatai kwamba kazi hiyo ilipunguza ugonjwa: kufikia mwaka 1960 malale ilikuwa imeshuka sana katika Kongo. Lakini watu walijifunza pia kwamba damu yako ikitazamwa, yaweza kukutoa nyumbani kwako. Wakaikimbia hadubini msituni. Kule pwani walinong'onezana habari za mumiani, na huko Katanga habari za batumbula, watu wasemwao kuwa huwinda watu usiku. Uvumi ule ulikuwa wa uongo, lakini hofu iliyouzaa haikutoka hewani.

Hata leo, muuguzi akimwambia mtu wa Kasongo au Kabambare, «Lete mkono nitoe damu,» hofu ile ya mababu bado haijafa yote.

Hesabu kwa ajili ya wenyeji

Katika miaka ya 1970 Kasongo ilijulikana tena kwa waganga wa dunia, safari hii kwa jambo jema zaidi. Chuo cha tiba cha Antwerp, Ubelgiji, pamoja na waganga na wauguzi wa hapa, walianza kazi iliyoitwa Mradi wa Kasongo. Shabaha yake ilikuwa kuweka vituo vya afya karibu na watu, hospitali ikiwa nyuma yao kupokea wagonjwa wazito, na wananchi wenyewe wakiwa na sauti katika shauri la afya yao.

Watu wa mradi huo nao walihesabu. Mwaka 1981 walitangaza katika gazeti la tiba la Uingereza, The Lancet, hesabu ya watoto wa Kasongo waliochanjwa surua na wale wasiochanjwa. Waliochanjwa waliokoka zaidi katika umri ule ambao surua huua. Lakini watu wa mradi hawakuficha jambo la pili: kadiri watoto walivyokua, tofauti ile ilionekana kupungua, wakauliza kama mtoto dhaifu aliyeokolewa na surua hachukuliwi baadaye na maradhi mengine. Wataalamu wa nchi nyingine walibisha, na utafiti mwingi wa baadaye umeonyesha faida kubwa ya chanjo ile. Sisi twakumbuka funzo moja tu: hesabu iliyo kwa ajili ya watu haiogopi kusema lisilopendeza, wala haitazami ugonjwa mmoja peke yake, humtazama mtoto mzima.

Kinshasa, mwaka 1983

Toka chuo kilekile cha Antwerp walitoka madaktari wengine waliokuja Kinshasa mwezi wa Oktoba 1983, pamoja na wenzao wa Marekani. Miongoni mwao walikuwa Peter Piot na Joseph McCormick. Wakati huo ugonjwa mpya ulikuwa umetangazwa Marekani tangu mwezi wa Juni 1981, na watu wengi walidhani ni wa wanaume wa namna fulani tu huko ng'ambo. Lakini katika hospitali ya Mama Yemo, Dkt. Bila Kapita, mkuu wa idara ya magonjwa ya ndani, alikuwa na vitanda vilivyojaa vijana waliokonda, wenye kuhara kusikokoma, na homa zisizosikia dawa.

Virusi vyenyewe vilikuwa vimeonekana Paris mwaka uleule, lakini kipimo cha kuvitafuta katika damu kilikuwa bado kupatikana. Kilikuja mwaka 1985. Basi madaktari wale wangejuaje? Walihesabu chembe.

Hapa yatupasa kueleza kidogo. Katika damu mna chembe nyekundu zichukuazo hewa, na chembe nyeupe ambazo ni askari wa mwili. Miongoni mwa askari hao wako wasaidizi, ambao kazi yao ni kupiga baragumu. Mdudu akiingia mwilini, wao huwaamsha wengine na kuwaonyesha adui. Chembe hizo zina alama juu yao, nayo ndiyo iitwayo CD4. Virusi vya ukimwi hushika alama hiyo kama mwivi ashikavyo kitasa cha mlango, vikaingia ndani ya chembe na kuiharibu. Mwenye afya huwa na chembe hizo zipatazo 500 mpaka 1500 katika milimita moja ya mchemraba, yaani tone dogo kama kichwa cha pini. Baragumu zikinyamaza moja baada ya nyingine, mji hubaki wazi. Ndipo kifua kikuu huingia, na kuvu, na maradhi ambayo mwili wenye nguvu huyafukuza bila hata mtu kujua.

Kazi ya kuhesabu ni ya subira. Chembe hupakwa dawa inayong'aa, ishikayo alama ile tu, halafu mtu hutazama kwa hadubini na kuhesabu zile zing'aazo. Baadaye zilikuja mashine zipitishazo chembe moja moja mbele ya mwanga mkali. Mwaka ule wa 1983, katika majuma matatu, madaktari wa Kinshasa walitambua wagonjwa 38, wanaume na wanawake karibu sawa kwa idadi, na chembe zao za wasaidizi zilikuwa zimepungua sana. Habari hizo zilitangazwa mwezi wa Julai 1984. Hivyo hesabu ya damu ya Wakongo ndiyo iliyosaidia kuufahamisha ulimwengu kwamba ugonjwa huu hauchagui mwanaume wala mwanamke. Mwaka 1984 ukaanza Mradi wa Sida katika Kinshasa, ukafanya kazi mpaka mwaka 1991, nchi ilipoingia katika machafuko.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa zamani kuliko walivyodhani. Mwaka 1998 wataalamu walitangaza kwamba wameona alama za virusi katika damu iliyotolewa Léopoldville mwaka 1959 na kuhifadhiwa miaka ile yote. Alikuwa mtu mzima, mwanaume. Jina lake halikuandikwa. Aliitoa damu yake kwa uchunguzi mwingine, asijue kitu. Yafaa tumkumbuke katika sala zetu.

Namba iliyokuwa mlango

Miaka mingi hesabu ya CD4 ilikuwa habari tu, bila msaada. Daktari aliweza kumwambia mgonjwa, «Askari wako wamebaki 90,» kisha hana la kumpa. Tangu mwaka 1996 dawa tatu zinywewazo pamoja zilianza kuwainua wagonjwa wa nchi tajiri. Kwetu zilichelewa. Katika Kongo ya mashariki, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kuwapa watu wa Bukavu dawa hizo bure mwezi wa Oktoba 2003. Mwaka uliofuata mji ule ukatekwa na askari waasi, na bado wagonjwa wengi waliendelea kunywa dawa, kwa kuwa shauri la siku za vita lilikuwa limefikiriwa mapema.

Lakini dawa zilipokuwa chache, namba ikawa mlango. Mwaka 2003 Shirika la Afya la Dunia lilishauri mtu asiye na dalili kubwa aanze dawa CD4 zikishuka chini ya 200. Mwaka 2010 mpaka ukapandishwa kuwa 350, na mwaka 2013 ukawa 500. Fikirini maana yake kwa mtu wa kijijini. Mashine iko mji mkubwa. Yataka umeme, dawa za kupakia na fundi. Barabara ni ya matope, na baiskeli ndiyo gari. Mgonjwa aambiwa, «Nenda kapimwe kwanza.» Akifika, mashine imeharibika. Akipimwa, aambiwa, «Chembe zako bado ni nyingi, rudi baada ya miezi sita.» Wengine hawakurudi. Waliokuwa wakihesabiwa walikuwa kondoo kweli, lakini mlango wa zizi ulikuwa umefungwa kwa namba.

Waliosaidia kuufungua ni watu wa Afrika wenyewe. Kati ya mwaka 2003 na 2004, wagonjwa 3,316 katika Kampala na Entebbe, Uganda, na Harare, Zimbabwe, walikubali kuingia katika utafiti ulioitwa DART. Wote walipewa dawa. Nusu yao daktari aliangalia CD4 zao kila mara. Nusu nyingine aliwaangalia kwa macho, kwa masikio na kwa maswali, bila kutumia hesabu ile. Baada ya miaka mitano, katika kila watu 100 wa kundi la kwanza 90 walikuwa hai. Katika kundi la pili walikuwa 87. Katika miaka miwili ya kwanza hapakuwa na tofauti kubwa. Maana yake ni nini? Kwamba hesabu yasaidia, hasa siku zikiendelea, lakini dawa ndiyo iokoayo. Asikoseshwe mtu dawa eti kwa sababu mashine haipo.

Mwaka 2015 utafiti mwingine, ulioitwa START, uliofanywa kwa watu 4,685 katika nchi 35, ulionyesha kwamba aanzaye dawa mapema, CD4 zake zikiwa bado juu ya 500, hupunguza zaidi ya nusu hatari ya ugonjwa mzito au kifo. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo Shirika la Afya la Dunia likatangaza: kila mwenye virusi apewe dawa, namba yake iwe yoyote. Mlango ukafunguka.

Makosa mawili ya siku hizi

Je, hesabu ya CD4 imekwisha kazi? La. Imebadilishwa kazi tu. Siku hizi kipimo kikuu cha kujua kama dawa zafanya kazi ni kuhesabu virusi wenyewe katika damu. Virusi wakishuka hata wasionekane katika kipimo, chembe za ulinzi hupata nafasi ya kuongezeka, na mtu huyo hamwambukizi mwenzake wa ndoa. Hiyo ni habari njema kwa nyumba nyingi. Hesabu ya CD4 nayo yatakiwa hasa kwa yule ajaye kwa mara ya kwanza, na kwa yule aliyeacha dawa akarudi. Zikiwa chini ya 200, daktari ajua kwamba yuko hatarini, naye amtafutia upesi kifua kikuu na ile homa ya utando wa ubongo iletwayo na kuvu, kabla hazijamwangusha. Kwa ajili ya mahali pasipo na mashine wala umeme, vimetengenezwa vipimo vidogo vionyeshavyo tu kama chembe ziko juu au chini ya 200.

Kosa la kwanza tulionalo ni hili. Mtu apimwa, aambiwa CD4 zimepanda toka 150 hata 600. Asema, «Nimepona,» au mhubiri fulani amwambia kwamba maombi yamemaliza ugonjwa. Aacha dawa. Jambo hili si la kubahatisha, limekwisha kupimwa. Katika utafiti ulioitwa SMART, wa watu 5,472 katika nchi 33, wengine waliachishwa dawa kila CD4 zilipopita 350 na kurudishiwa zilipofika 250. Mwezi wa Januari 2006 ikabidi kusimamisha jambo hilo, kwa kuwa walioachishwa walikuwa wakiugua na kufa zaidi ya mara mbili kuliko wenzao. Na hao walikuwa chini ya macho ya madaktari! Sembuse aachaye mwenyewe, kijijini, bila kumwambia mtu. Namba iliyopanda ni shukrani ya mwili kwa dawa. Si ruhusa ya kuziacha. Sala na dawa havigombani. Yoshua bin Sira atufundisha kumheshimu mganga, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba, na dawa zatoka kwake.

Kosa la pili ni letu sisi tulio wazima. Twaifanya namba ya mwenzetu kuwa mazungumzo. Mama atoka kituo cha afya, na kabla hajafika nyumbani, kisimani wamekwisha kujua. Basi kesho hatakwenda tena, na jirani yake aliyesikia hatakwenda kamwe. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Ni kweli, lakini mara nyingi mtu huyaficha kwa sababu ameona wenziwe walivyoaibishwa. Ulimi wetu waweza kuwa lazareti ya pili, isiyo na ukuta, imtengayo mtu akiwa katikati ya jamaa zake. Yesu alimgusa mwenye ukoma kabla hajatakasika. Sisi twaogopa hata kukaa benchi moja kanisani.

Basi twawaombeni, ndugu wa Kasongo, Kabambare na popote gazeti hili lifikapo. Aliye na shaka juu ya afya yake aende apimwe, asingoje kukonda. Mwenye dawa azinywe kila siku, na siku ya kupimwa aende hata kama ajisikia mzima. Mume amsindikize mke wake, na mke mume wake. Makatekista na wazee wa jumuiya wajue ni nani hana nguvu za kufika kituoni, wamtafutie baiskeli na mtu wa kumsukuma. Na muuguzi achomaye sindano amweleze mgonjwa, kwa lugha aielewayo, damu hii yatolewa kwa nini na majibu yake yatakuwa siri ya nani. Hofu ya mababu haitoki kwa amri. Itatoka kwa kuelezwa.

Hesabu ya damu yenyewe haina wema wala ubaya. Ikitumiwa kutenga na kuaibisha, ni hesabu ya Daudi. Ikitumiwa kujua nani amebaki nyuma, apate kurudishwa, ni hesabu ya mchungaji. Kuchagua kati ya hizo mbili hakutaki mashine wala umeme. Kwategemea moyo wa kila parokia, na wetu pia.